Maswali Aliyoyaacha Mama Pacha

Mimi sina subira, na jambo hilo analijua kila mtu ofisini, hata muuza magodoro wa duka lililo chini yetu. Ndiyo maana wananiita Pilipili. Kwa hiyo ukisikia nimekaa meza moja na Mama Pacha miaka yote hiyo bila kurushiana vikombe, sifa mpe yeye. Ukimuuliza jambo, alikujibu kwa swali. Ukimpa jibu, alilipindua kuangalia lina nini upande wa chini. Nilikuwa nikimwambia kwamba angezaliwa mlango, mtu angebisha hodi naye akamuuliza kama ana uhakika ni hapa. Alicheka, kisha akaniuliza mlango wenyewe ungefunguka kwa ndani au kwa nje.

Kazi yetu nitaieleza mara moja, halafu tuendelee. Programu ya kompyuta imegawanywa vitengo vidogo vidogo. Kitengo kimoja kikihitaji msaada hukiita kingine, na kwa kawaida kila wito huacha kumbukumbu yake, sisi tunaiita fremu, inayosema kazi ikiisha turudi wapi. Fremu hizo hupangwa moja juu ya nyingine, kila moja na anwani ya mahali ilipo, na hilo ndilo rundo. Programu ikianguka ghafla, fundi hutaka kujua nani alimwita nani mpaka balaa likatokea. Sisi tunatengeneza programu inayolisoma rundo kutoka juu kwenda chini na kutaja wahusika wote. Wateja wanaijua kwa jina lake la biashara. Sisi tunaiita Mpelelezi. Sehemu ya kusoma fremu aliiandika Mama Pacha. Yangu ilikuwa kuichokoza mpaka ivunjike, kisha nimpelekee vipande.

Ndani ya programu unaweza kuandika mistari ya maelezo ambayo kompyuta huiruka, kwa kuwa ni ya kusomwa na binadamu tu. Wengi wetu huitumia kueleza jambo ambalo kila mwenye macho analiona. Mama Pacha aliitumia kuandika asiyoyajua. Kila mahali alipolazimika kuamua bila uhakika, alianza na neno Swali, akaeleza ameamua nini, kwa sababu gani, na kinachomtia hofu ni kipi. "Swali: anwani ya kurudi ikiwa sifuri, tumefika chini kabisa ya rundo, au kuna kilichoifuta? Nachukulia tumefika chini. Roho haijatulia." Mengine yalikuwa ya utani: "Swali: kwa nini fremu zinahesabiwa kuanzia sifuri? Nilikuta hivi. Aliyeanzisha naomba tuonane."

Yaliniudhi maswali yale. Nilimwambia waziwazi kwamba fundi anayejiheshimu haandiki "sijui" kwenye kazi yake, kwani fundi wa makochi, mumewe, huwa anashona karatasi ndani ya mto kusema hajui kama sponji litadumu? Akanijibu kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba angefanya hivyo, atakayekuja kuufumua mto angemshukuru.

Tabia hiyo aliirithi kwa mama yake, muuguzi mstaafu anayeishi nao. Bibi huyo alifanya kazi wodini maisha yake yote, na alimlea binti yake kwa sheria za wodini. Mwenzako wa zamu akija kukupokea, alisema, usimwachie unayoyajua tu, kwa sababu hayo atayaona mwenyewe kitandani kwa mgonjwa. Mwachie usiyoyajua. Mweleze kwamba mgonjwa wa dirishani hali chakula na hujui kwa nini, na umejaribu nini. Na alikuwa akimalizia kwa methali ambayo wale pacha wawili, wajukuu wake, walishaichoka: mficha uchi hazai.

Kiharusi kilimkuta Mama Pacha jikoni kwake asubuhi, akiwagombeza pacha kuhusu soksi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakaondoka. Nilipokwenda kumwona hospitalini alinitazama, akajua kabisa kwamba mimi ni wake, ila jina halikuja. Alihangaika nalo, midomo ikicheza, mwishowe akasema, "Kali. Kali." Nikamwambia ndiyo, ni mimi Pilipili, nikamrekebishia shuka, halafu nikatoka kwenye korido nikalia mpaka mfagizi akaniletea kiti.

Mama yake hakulia, angalau si mbele yetu. Kila siku alikaa pembeni ya kitanda, baadaye pembeni ya kochi nyumbani, akiwa na kapu la vitu vya kawaida: kijiko, kitana, ufunguo, kipande cha sabuni. Anainua kimoja, anangoja. Mama Pacha kwa muda mrefu alitaja neno lolote lililokuwa karibu, kijiko akakiita dirisha, ufunguo akauita Jumanne, na macho yake hayakuonyesha kwamba kuna tatizo. Hilo ndilo lililomtisha bibi. Kisha siku moja, mimi nikiwa nimekaa pale na chai yangu, bibi aliinua kitana, na mwanawe akakitazama, akakitazama tena, akasema polepole, "Hiki sikijui."

Bibi alikiweka kitana chini, akafuta miwani kwa upindo wa nguo. Akanigeukia. "Umesikia? Mtu anayejua asichokijua, huyo yumo. Mwanangu yumo humu ndani."

Kutoka siku hiyo alianza kupanda, kijiko kwa kijiko. Mumewe alimshonea mto wa kuegemeza mkono wa kulia, wenye pindo jekundu, na mtu akiuchukua kuukalia alijua kilichomtoa kanga manyoya.

Huku nyuma, ofisini, kazi yake niliishika mimi kadiri nilivyoweza, na siwezi kusema niliiweza. Wakati huohuo walikuja wageni waliotaka kununua haki ya kuitumia Mpelelezi, na walitaka kwanza kusoma msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu. Bosi wetu si mtu mbaya. Ni mtu wa wasiwasi, na wasiwasi wake hupenda kupumzikia kwenye mabega ya watu wengine. Aliniita akanionyesha ukurasa uliojaa Swali, Swali, Swali, akauliza mteja akisoma "roho haijatulia" atatuamini vipi. Akaniagiza niyafute yote, kazi ionekane ya watu wazima.

Nilisema sawa bosi. Na nilikusudia kweli, msinipambe kwa sifa nisizostahili. Nilikaa mezani, kiti cha mbele yangu kitupu, nikafungua faili ili nifute. Nikasoma swali la kwanza. Nikasoma la pili. Nikamsikia. Yule aliyelala kochini akiita ufunguo Jumanne, hapa alikuwa mzima, akiuliza, akitania, akijikuna kichwa. Kidole changu kilikataa. Wageni niliwapelekea nakala isiyo na maelezo yoyote, wakaipenda, wakaondoka. Ile ya kwetu niliiacha kama ilivyokuwa. Bosi hakuuliza, na mimi sina desturi ya kuamsha aliyelala.

Mama Pacha alirudi kazini akipanda ngazi zetu kwa kushika ukuta, kwa sababu kile chuma cha pembeni kinacheza. Bosi alimpokea vizuri, kisha akamwambia ukweli, naye alikuwa na haki ya kuusema. Ofisi ni ndogo. Sehemu ya fremu lazima iwe na mtu anayeielewa. Atapewa muda ajaribu, na ikishindikana watamtafutia kazi ya kupokea simu za wateja. Alisema simu kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Mama Pacha aliniambia baadaye, maneno yakimtoka moja moja, kwamba kupokea simu si aibu, ila yeye hakurudi kutoka kule alikokwenda ili apokee simu. Alitaka kujua kama aliyerudi ni yeye.

Siku zile za mwanzo zilikuwa chungu. Alifungua kazi yake mwenyewe na hakuitambua. Daktari alikuwa amewaambia kwamba mambo ya miaka ya karibuni huenda yasirudi yote, na kweli, Mpelelezi alikuwa mgeni kwake. Alisoma mistari ileile kuanzia asubuhi, mkono wa kulia juu ya mto wake wenye pindo jekundu, mpaka macho yakawa mekundu kuliko pindo. Siku moja nilimkuta kwenye ngazi amekaa, akanisihi nisimwambie mama yake kwamba kazi haimwingii. Nikakaa naye.

Ndipo lilipokuja lalamiko. Kiwanda kimoja kilichokuwa kikitengeneza mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua kilikuwa na tatizo. Mashine ikiwa bado kwenye majaribio, ilikuwa ikijizima yenyewe. Walimtumia Mpelelezi kuuliza nani ametoa amri ya kuzima, naye kila mara alitaja kitengo kimoja kidogo cha kusoma joto, kisha akasema rundo limeishia hapo, hakuna aliyekiita. Mafundi wao walikuwa wamekichambua kitengo hicho mpaka kikabaki mifupa, na hakikuwa na kosa. Waliandika kwa adabu kwamba ama mashine yao ina mzimu, ama Mpelelezi wetu anadanganya, na hawawezi kuipeleka hospitali yoyote mpaka wajue.

Bosi aliweka lile lalamiko mezani kwa Mama Pacha. Hakusema huu ndio mtihani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Aliacha kuhangaika na msimbo. Maneno ya kawaida yalikuwa yamemrudia kabla ya mambo ya kompyuta, kwa hiyo alianza kusoma yale aliyoweza kuyasoma, yaani maelezo. Alisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata kwenye kioo cha kompyuta. Nilijifanya nina kazi. Baada ya muda akaniuliza nani aliyeandika haya. Nikamwambia ni wewe. Akakataa kwa kichwa, akasema aliyeandika hapa anaongea kama mama yake.

Basi akaendelea kusoma, na nikaona mabega yake yanashuka. Msimbo ulikuwa ukimwambia tu kinachofanyika, kama mtu anayekuelekeza njia huku anakimbia. Maswali yalimkalisha chini. Yalimwambia hapa palikuwa na njia mbili, nikachukua hii, sikuwa na hakika, na kilichonisukuma ni hiki. Aliyapitia yote bila haraka, akinywa chai iliyokwisha kupoa. Kisha kidole kikasimama.

Swali lenyewe nalijua kwa moyo. "Swali: fremu mbili zikiwa na anwani moja kwenye rundo, ni fremu moja imejirudia, au ni mbili kweli? Nimeamua ni moja, tusimame, tuseme rundo limeisha. Sababu: siku nilipoiacha iendelee, ilizunguka palepale bila kikomo. Ninachohofia ni kitengo kidogo sana, kisichoweka chochote chake kwenye rundo. Hicho kitakuwa na anwani ileile ya aliyekiita. Sijakiona bado. Ukikiona, anzia hapa, wala usinistahi."

Akalisoma mara ya pili. Akalichukua lalamiko la kiwanda, akaliweka chini ya kioo, akawa anatazama mara hili, mara lile. Kitengo cha kusoma joto kilikuwa kidogo kuliko vyote, hakiweki kitu chochote kwenye rundo. Kilikuwa kinakaa kwenye anwani ya aliyekiita, na Mpelelezi, akikuta anwani ileile mara ya pili, alidhani ni yuleyule, akafunga kesi. Aliyekiita, mwenye kosa halisi, alikuwa anapita mlango wa nyuma bila kuulizwa.

Mimi nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamuuliza, "Yaani wewe, mama wa pacha, unayewafokea walimu kila mwaka wasiwahesabu wanao kama mtoto mmoja, ndiye uliyeandika kwamba wawili wakitoka nyumba moja ni mtu mmoja?"

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka naye, kile kicheko chake cha zamani, upande mmoja wa mdomo ukichelewa kidogo kuufuata mwenzake. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Kurekebisha hakukuwa mchezo. Ukiondoa ile amri ya kusimama, Mpelelezi angezunguka palepale kama zamani. Alitumia siku kadhaa, mkono wa kushoto ukichapa, wa kulia umelala juu ya mto wake kama mfalme. Alianza kuandika kwa kujiuliza mwenyewe: pacha wangu mtu huwatofautishaje? Si kwa anwani, si kwa mama. Kwa majina. Basi fremu mbili zikikutana kwenye anwani moja, Mpelelezi aangalie pia ni za kitengo gani. Zikiwa za vitengo tofauti, ni mbili, endelea. Zikifanana kwa yote mawili, hapo ndipo tumepotea, simama. Alikosea mara kadhaa, nami nikamletea vipande kama zamani, kwa furaha ambayo si ya kawaida kwa mtu anayeleta habari mbaya. Mara ya mwisho niliichokoza kwa kila ubaya ninaoujua, na haikuvunjika.

Tuliwapelekea wale wa kiwandani. Jibu lao lilikuja kabla hatujamaliza chakula cha mchana. Mpelelezi sasa alipita kitengo cha joto, akamtaja aliyekiita, na yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri vibaya joto la kawaida na kutoa amri ya kuzima. Mzimu walikuwa wameukamata. Walishukuru kwa maneno mengi, na mmoja wao akaongeza kwamba ana mtoto mchanga nyumbani.

Bosi alikuja kusimama nyuma ya kiti cha Mama Pacha kuona ilivyofanyika. Hapo ndipo alipoyaona maswali, yote, yamekaa mahali pake. Alinigeukia taratibu akasema alikumbuka aliagiza yafutwe. Nikasema ni kweli, bosi, uliagiza.

Mama Pacha ndiye aliyenitetea. Alitafuta maneno, na safari hii hakuna aliyemsaidia, tulingoja tu. "Nilipofungua hii kazi," alisema, "sikumjua aliyeiandika. Kila mstari uliniambia yeye anajua na mimi sijui. Haya peke yake ndiyo yaliyoniambia na yeye hakujua. Ndipo nikaweza kukaa naye." Akapumua. "Ungeyafuta, bosi, ningekuwa napokea simu zako."

Bosi alikuna shingo. Akasema yabaki. Akaondoka, halafu akarudi kuuliza, kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, kama swali linaweza kuandikwa hata na mtu asiye fundi, maana yapo mambo ya ofisi hii ambayo yeye mwenyewe hajui ameyaamua kwa nini.

Jioni bibi alikuja kumchukua binti yake kama kawaida. Ngazi zetu hazimpendi, hivyo humngojea chini dukani, ameketi kwenye godoro ambalo bado lina nailoni yake, mkoba magotini, na muuza magodoro hathubutu kumwambia kitu. Tuliteremka pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kumpasulia habari yote kwa mkupuo, mtihani umepita, simu apokee mwingine. Bibi aliinua mkono kunizuia. Alimtazama binti yake uso mzima, upande huu na upande ule, akaona alichotaka kukiona. Hakumuuliza kama amefaulu.

"Umemwachia nini anayekuja?"

"Nimemwachia, mama," alisema Mama Pacha. "Nisilolijua nimeliandika."

Bibi akaitika kwa kichwa, akanyoosha mkono asaidiwe kuinuka. Nilimshika mimi. Nilimwambia ahsante. Aliuliza ya nini, nami, Pilipili mwenye maneno yote, sikujua nianzie wapi, nikamwambia sijui. Akanipapasa mkono, akasema basi ni vizuri.

Asubuhi iliyofuata nilifika wa kwanza nikafungua faili, nikiwa na shauku ya kuona alichoandika. Lile swali la zamani alikuwa hajaligusa, hata herufi moja. Chini yake alikuwa ameongeza swali jipya, kuhusu vitengo viwili vidogo vikiitana kwenye anwani moja, jambo ambalo hajaliona bado na linamtia hofu. Na katikati, kati ya mwanamke yule wa kwanza na huyu wa sasa, kulikuwa na mstari mmoja, umechapwa kwa mkono wa kushoto:

"Zamu nimeipokea. Ahsante, dada, hukunificha kitu."